Karamu ya Mji Ulionusurika: Tarehe 3 Oktoba Mjini Leiden

Miji mingi ya duniani ina siku yake ya kuadhimishwa, na aghalabu siku hiyo huwa ni mali ya wakubwa: meya huvaa mkufu wake wa cheo, hotuba husomwa, bendera hupandishwa, bendi hupita ikipiga, na raia husimama nyuma ya kamba wakitazama, hata jua likichwa hurejea makwao pasina kujua barabara ni jambo gani lililokuwa likisherehekewa. Mji wa Leiden katika Uholanzi, ulio baina ya Amsterdam na The Hague, nao unaye meya wake mwenye mkufu, na bendi zake, na bendera yake nyekundu na nyeupe yenye funguo mbili zilizopishana. Lakini siku yake, ambayo ni tarehe 3 Oktoba, imedumu tangu mwaka 1574 hata leo kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kwamba wazee wa mji ule, kwa kukusudia au kwa bahati, waliiweka amana ya ukumbusho wao jikoni, wala hawakuiacha katika ofisi za serikali peke yake.

Na tuitazame aila moja ya mji huo, baba na mama na watoto wawili na bibi yao mzaa mama, jioni ya tarehe 2, kabla sikukuu yenyewe haijaingia. Tangu adhuhuri nyama ya ng'ombe ya mbavuni imekwisha tiwa sufuriani, nayo inachemka kwa moto mdogo saa nyingi mpaka uzi wake uachane. Karoti zimeparwa na kukatwakatwa, vitunguu vimemenywa mpaka macho ya mtoto mdogo yametoka machozi, na viazi vimewekwa juu ya karoti ili viive kwa mvuke wake. Vikishaiva vyote humwagwa maji, hutiwa siagi na chumvi na pilipili manga, kisha hupondwa pamoja kwa mkono, wala visipondwe mno vikawa kama uji wa mgonjwa, maana bibi hapendi; ataka aione karoti ingali karoti. Chakula hicho huitwa hutspot. Si chakula cha anasa, na mgeni akikionja mara ya kwanza pengine atashangaa kwamba mji mzima umeshinda ukikingoja, lakini jioni ile jungu hilo hilo linapikwa mtaa wa pili na wa tatu, katika nyumba ya profesa na ya mchukuzi, na harufu yake huijaza njia yote. Mtoto mdogo huuliza, kama watoto wa rika lake wanavyouliza kila mwaka, kwa nini leo isiwe wali au tambi. Na bibi, ambaye swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja, huanza kusimulia.

Husimulia habari za mfalme aliyekuwa mbali. Katika zama hizo nchi za Uholanzi zilikuwa chini ya himaya ya Philip wa Pili, mfalme wa Hispania, mtu mwenye bidii kubwa ya kazi na mshikaji sana wa dini yake ya Kikatoliki, ambaye alitoza kodi zilizowachukiza raia na kuwaadhibu kwa ukali wale waliofuata mafundisho mapya ya Kiprotestanti, hata majimbo ya kaskazini yakaasi na kumfanya Prince William wa Orange kuwa kiongozi wao. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki mfalme huyo si mgeni kwetu kama tunavyodhani, kwani mwaka 1580 aliurithi na ufalme wa Ureno, na ile ngome ya Fort Jesus inayoikabili bahari pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa katika enzi yake huyo huyo. Mkono uliojaribu kuukaba mji wa Leiden ndio ulioliweka jiwe la Mombasa.

Mwaka 1573 majeshi ya mfalme yaliuteka mji wa Haarlem baada ya kuuhusuru kwa muda wa miezi saba, na askari wengi waliosalimu amri wakauawa. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, yakaugeukia Leiden. Kamanda Francisco de Valdez hakutaka kuupiga mji kwa mizinga na kuzipanda kuta zake, kazi ambayo kule Haarlem iliwagharimu Wahispania roho nyingi. Aliona ni bora kuuzunguka kwa maboma, kuzifunga njia na mito, na kuiachia njaa ifanye kazi ya baruti. Mnamo Machi 1574 aliondoka kwa muda kwenda kulikabili jeshi lililokuwa likiletwa na ndugu yake Prince William, na hapo ndipo watu wa Leiden walipofanya kosa moja kubwa ambayo hotuba za sikukuu hazipendi kuitaja sana: hawakuyabomoa maboma ya adui wala hawakujaza ghala zao nafaka, kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha. Mwishoni mwa Mei Valdez akarudi. Aliyakuta maboma yake yakimngoja, na mji ukiwa na akiba haba.

Kuanzia hapo habari ni ya tumbo. Fedha zilipokwisha mji ulichapisha sarafu za karatasi, ambazo yasemekana zilitengenezwa kwa kurasa za vitabu vya ibada vilivyochukuliwa makanisani, kurasa kadha zikagandamizwa pamoja na kupigwa muhuri. Lakini sarafu haifai kitu pale ambapo hakuna cha kununua. Mkate ulikwisha, ng'ombe wachache waliobaki wakawa wanagawiwa kwa kipimo, kisha zikaliwa nyama za farasi, na mbwa, na paka, na majani ya miti. Njaa ikamwita mwenzake, tauni, nao wawili wakawa wanashindana kuhesabu maiti. Si wote waliotaka kuendelea kushikilia. Wako waliokwenda kwa wakubwa wa mji kudai malango yafunguliwe, na nje ya kuta walikuwako Waholanzi wenzao, waliomtii mfalme, wakiwaandikia barua za kuwashauri wasalimu amri na kupokea msamaha. Habari za Prince William ziliwafikia kwa njiwa waliofugwa na ndugu wa ukoo wa Speelman, waliotolewa mjini kwa siri na kurudi na vijibarua miguuni. Na baada ya vita ukoo ule ukapewa jina jipya, Van Duivenbode, kwa heshima ya wajumbe wao hao wa mbawa.

Bibi akifika hapa huwaambia watoto wasikilize vizuri, maana sasa yanakuja maji. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, na hukaliwa kwa kuwa imezungushiwa kuta za udongo zinazoyazuia maji ya bahari na ya mito yasiingie mashambani. Wakuu wa uasi, walipoona kwamba hawana jeshi la nchi kavu la kuweza kumwondoa Valdez, walikata shauri ambalo kwa mkulima yeyote ni sawasawa na wazimu: tarehe 3 Agosti 1574 walianza kuzitoboa kuta hizo kando ya mito karibu na Rotterdam, ili bahari iingie na kuifuata njia ya kilomita kama 30 mpaka Leiden, na juu ya maji hayo zije jahazi zenye matako bapa, zaidi ya 200, zikiongozwa na amiri Louis Boisot na mabaharia wake wakali kutoka Zeeland. Mavuno ya wakulima wa vijiji vilivyokuwa katikati yakazama yote. Wakulima hao hawana sanamu katika mji wowote niujuao, na mimi naona ni haki kuwataja katika makala kama haya, kwa kuwa shamba lao ndilo lililokuwa fidia ya roho za watu wa mjini.

Mtu aliyezaliwa pwani hahitaji kufundishwa jambo lililofuata. Maji yaliingia, lakini yaliingia kwa uvivu, kwa kuwa upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashariki, wa matlai, ukiyarudisha baharini yaliyotaka kuja. Jahazi za Boisot zikakwama katika maji ya magotini, zikitobolewa ukuta mmoja baada ya mwingine na kusimama tena, na kutoka juu ya minara ya makanisa watu wa Leiden wakawa wanaziona tanga za wakombozi wao wala hawawezi kuzigusa. Yakapita majuma. Ndipo siku za kwanza za Oktoba pepo zikageuka zikawa za kusini-magharibi, pakavuma tufani, na tufani ile ikaangukiana na maji ya bamvua, hata mashamba yaliyokuwa matope yakawa bahari ya kupitika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 sehemu ya ukuta wa mji, ambayo msingi wake ulikuwa umeloa, ilianguka kwa kishindo kikubwa gizani. Waliokuwa ndani wakadhani adui ameingia, na Wahispania walioko katika boma la Lammenschans wakadhani wenyeji wametoka kuwashambulia, na kwa kuwa maji nayo yalikuwa yakiwazunguka miguuni, wakashika njia wakaondoka. Kulipokucha boma lilikuwa kimya.

Hadithi husema kwamba mvulana mmoja yatima, Cornelis Joppenszoon, alijitolea kwenda kutazama, akaingia ndani ya boma asikute mtu ila jungu la chuma lililoachwa na chakula chake cha nyama na mboga za mizizi, akalichukua akarudi nalo. Wako wasemao kwamba aliyelipata jungu hilo ni mtu mwingine. Na jungu lenyewe, au lile linalosadikiwa kuwa ndilo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la De Lakenhal mjini humo. Jambo lisilo na shaka ni kwamba viazi havikuwamo ndani yake, kwa sababu siku hizo viazi vilikuwa bado havijafika katika meza za Waholanzi. Vilikuja baadaye, vikaikalia nafasi ya mizizi mingine ya kale, na hakuna bibi wa Leiden anayeona kwamba hutspot yake imekuwa ya uongo kwa ajili hiyo. Baada ya jungu zikaja jahazi, zikapita katika mifereji ya mji zikirusha mikate myeupe na samaki wa chumvi aina ya haring, ambaye ni wa jamaa moja na dagaa papa wetu, kwa watu waliokonda waliojipanga kandokando. Waliobakia kuupokea mkate huo walikuwa wachache kuliko walioanza mwaka, kwani inakadiriwa watu kama 6,000 walikuwa wamekwisha kufa, yaani takriban thuluthi ya mji, na wengi wao waliuawa na tauni zaidi ya njaa.

Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 3 ile aila tuliyoiacha mezani huamka kungali na giza, ikavaa nguo nzito, mtoto mkubwa akiwa na utepe mwekundu na mweupe kifuani, ikaelekea mtaa wa Breestraat mbele ya jumba la halmashauri ya mji, ambapo saa moja asubuhi hupigwa tarumbeta za kuuamsha mji na umati huitikia kwa kuimba. Kutoka hapo watu huelekea De Waag, nyumba ya kale ya mizani, kupokea haring na mkate mweupe, na hapa ndipo panapostahili kusimama kidogo kutazama mikono: mwenye kugawa amevaa vazi la kazi, ndoo ya samaki ipo mbele yake, humpa bibi samaki wawili watatu waliofungwa katika karatasi na mkate mmoja mrefu ungali laini, na bibi huupokea kwa mikono miwili. Pengine anazo fedha za kununua mikate mia. Hakuja kwa sababu ya haja. Amekuja ili mjukuu wake amwone akipokea, na mkate ule hautaachwa mpaka uote ukungu, bali utaliwa nyumbani asubuhi ile ile, samaki akikatiwa vitunguu vibichi juu yake, na mtoto mdogo atakunja uso kwa chumvi na kuambiwa ale japo tonge moja.

Kisha huenda katika bustani ya Van der Werf kusikiliza kwaya. Bustani hiyo ina huzuni yake ya pili ambayo wageni wengi hawaijui: mahali pale palikuwa na nyumba za watu mpaka tarehe 12 Januari 1807, siku ilipolipuka meli iliyokuwa imebeba baruti na kutia nanga katika mfereji wa katikati ya mji, ikaua watu zaidi ya 150 na kuacha uwanja mtupu. Leo miti imeota, na katikati imesimama sanamu ya Pieter van der Werff, aliyekuwa mmoja wa mameya wakati wa kuhusuriwa, ambayo siku hiyo huwekewa shada la maua. Baadaye huwa na ibada ya shukrani kanisani, na mchana hupita maandamano makubwa ya magari yaliyopambwa na watu waliovaa mavazi ya karne ya kumi na sita, na mji mzima, toka uchochoro hata uwanja, hujaa bembea, maduka ya vitumbua vya kizungu, na vishindo vya muziki. Chama kinachosimamia yote hayo, kiitwacho 3 October Vereeniging, kiliundwa mwaka 1886, na mwaka 2024 kiliongoza maadhimisho ya kutimia miaka 450.

Sitaficha kwamba baada ya magharibi sikukuu hiyo hubadilika tabia. Pombe hunywewa kwa wingi, vijana kutoka miji mingine huja kwa magari ya moshi ambao hawajapata kumsikia Valdez wala Boisot, na wenyeji wengi wenye watoto hufunga madirisha yao. Mtu mwenye kupenda adabu anaweza kusema kwamba hayo ni kuwadharau waliokufa kwa njaa. Mimi husema kwamba sehemu ya usiku ni ya kila mji wenye sikukuu, na haipaswi kuhukumu sehemu ya asubuhi, ambayo ndiyo yenyewe.

La kustaajabisha zaidi ni jinsi sikukuu hii ilivyoweza kustahimili uchunguzi wa wanataarikh. Yule meya Van der Werff, kwa mujibu wa riwaya mashuhuri iliyochorwa hata katika picha kubwa za rangi, aliwaambia watu waliomjia wakilia njaa kwamba na wamkate mkono wake waule, lakini yeye hataufungua mji. Na wanazuoni wengi wanaona shaka kama maneno hayo yalipata kutamkwa. Yasemwa kwamba Magdalena Moons, mchumba wa Valdez, ndiye aliyembembeleza asiushambulie mji. Ndoa yao ni kweli, maombezi yake hayana ushahidi wa kutosha. Yasemwa pia kwamba Prince William aliwapa watu wa Leiden hiari, wachague baina ya kusamehewa kodi na kujengewa chuo kikuu, wakachagua chuo kwa kuwa kodi zilizosamehewa hurudi na elimu haiondoki, nayo ni hadithi nzuri inayofaa kusimuliwa kwa wanafunzi wakati wa mtihani. Hayo yote yakiondolewa, hubaki maji, na upepo, na mkate, na makaburi. Na hivyo havikanushiki.

Na chuo hubaki pia. Chuo Kikuu cha Leiden kilifunguliwa tarehe 8 Februari 1575, miezi minne tu baada ya kunusurika kwa mji, na hati ya kukianzisha iliandikwa kwa jina la Mfalme Philip mwenyewe, kwa kuwa waasi wale, kwa kanuni za sheria zao, walikuwa bado wakimhesabu kuwa ndiye bwana wa nchi, japokuwa majeshi yake ndiyo yaliyokuwa yakiwaua. Sijui kama Mfalme alipoletewa habari hiyo alicheka au alighadhibika. Katika chuo hicho hicho lugha yetu ya Kiswahili imekuwa ikifundishwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi, hata wako Waholanzi waliojifunza ngeli za Kiswahili mjini Leiden kabla hawajauona mnazi kwa macho yao. Mwanafunzi wa kwetu aliyepata nafasi ya kusoma huko hukuta mwanzoni mwa mwaka wake wa masomo madarasa yamefungwa kwa siku moja, na asipouliza sababu atafikiri ni mapumziko ya kawaida.

Kwa hiyo msomaji mwenye jamaa au mwana katika nchi ile na amwambie asilale siku hiyo. Awe Breestraat kabla ya saa moja asubuhi, na akialikwa kula hutspot na aila ya mji asikatae, maana haalikwi kwa sahani tu, bali hualikwa na kusikia habari. Ila na aitazame kalenda kwanza. Habari za ukombozi zilimfikia Prince William akiwa kanisani mjini Delft, kwa kuwa tarehe 3 Oktoba 1574 ilikuwa Jumapili; lakini desturi ya Leiden ni kuiheshimu Jumapili kwa kutoifanyia tamasha, na kila tarehe hiyo inapoangukia siku ya ibada, kama itakavyokuwa mwaka 2027, sherehe husogezwa mpaka Jumatatu, tarehe 4.